Maswali ya Wasomaji: Programu ya Kupanga Picha Isiyokuacha kwa Mataa

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wapiga picha, kuanzia Nakuru mpaka huko Busia, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: nipange picha zangu na programu gani, na nitajuaje ni ya kuaminika. Tumezipunguza kidogo, zingine zilikuwa ndefu kuliko majibu.

SWALI: Sasa Mkuu. Mimi napiga harusi na ruracio hapa Nakuru. Niko na karibu TB 4 za picha kwa hadi diski tano na zingine hata sijui ndani kuna nini, mteja wa zamani akinipigia simu ati nimtafutie picha ya marehemu nyanya yake naanza kuchomeka hadi diski moja moja kama mganga. Natumia Lightroom 6, programu ya Adobe ya kupanga na kuediti picha, ile ya kununua mara moja, lakini nimechukua kamera mpya na Lightroom imekataa kufungua RAW zake (zile faili ghafi za kamera kabla ya kuwa JPEG). Jamaa mmoja anasema nilipe ile ya kila mwezi, mwingine ati atanipea ya kukrakiwa, mwingine ati nihamie ya bure. Mimi nataka tu moja ya kuaminika. Nichukue gani?
– Wa Harusi, Section 58, Nakuru

JIBU: Poa ndugu yangu. Wacha nianze na hiyo kamera mpya ndio upumue. Lightroom 6 ilitoka 2015, ndiyo ya mwisho Adobe waliuza kwa malipo ya mara moja, na apdeti zake ziliisha mwisho wa 2017, kwa hivyo kamera yoyote iliyotoka baada ya hapo haiijui. Lakini haujakwama. Adobe wako na programu ya bure inaitwa DNG Converter, unaipatia RAW za kamera mpya inazigeuza kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe wenyewe, na Lightroom yako ya zamani inazisoma. Kwa mipangilio yake uiambie itoe DNG ya kusomeka na matoleo ya zamani, alafu RAW zenyewe usifute, ziweke kando. Hiyo itakusukuma miezi kadhaa ukifikiria bila presha.

Sasa hii ya kuaminika. Ukiuliza mpiga picha programu ya kuaminika ni gani atakutajia ile anatumia yeye, na atakutetea mpaka jioni. Lakini angalia venye mambo yameenda. Aperture ya Apple ilitoka 2005, wataalamu wakahamia huko na maktaba zao zote, 2014 Apple wakatangaza hawaendelei nayo, 2015 wakaitoa sokoni, na ilipofika macOS Catalina ya 2019 ikakataa hata kufunguka. Picasa, ile ilikuwa kwa karibu kila kompyuta ya saiba, Google waliifunga Machi 2016. Kuna ingine iliitwa iView MediaPro, watu wa kazi waliipenda sana, Microsoft wakainunua 2006 wakaipa jina Expression Media, 2010 wakaiuza kwa Phase One, na 2018 Phase One wakaizima. Hizo si kampuni za kijana na laptopu yake chumbani, ni Apple, ni Google, ni Microsoft. Kwa hivyo ukubwa wa kampuni hauniambii kitu.

Ndio maana swali lako mimi naligeuza. Usiulize ni programu gani haitakufa. Uliza, siku ikikufa, ama siku nikikosa pesa ya kuilipia, nitatoka na nini mkononi?

Na hapo lazima tuelewane katalogi ni nini, juu watu wengi hapa ndio wanapotelea. Katalogi ni kama kitabu cha mwenye duka, imeandikwa unga uko rafu gani na nani ana deni, lakini unga wenyewe hauko ndani ya kitabu. Lightroom Classic iko na faili moja inaishia na .lrcat, hiyo kwa ndani ni databesi ya kawaida ya SQLite, na imejaa majina, nyota, maneno ya kutafutia, koleksheni (makundi ya picha umejipangia), na kila kitu umefanya ukiediti. Picha ziko kwa folda zao huko nje. Hiyo ni kitu mbili za kulindwa, si moja. Ile bakapu Lightroom inakuuliza ukitaka kuifunga inahifadhi kitabu peke yake, picha hata moja haimo, na kuna watu wanaibofya kila Ijumaa wakilala usingizi mzuri wakijua harusi za watu ziko salama.

Sasa, ile kazi yote umefanya, kuandika majina ya maharusi, mahali, kuweka nyota, inakaa wapi? Ikikaa ndani ya katalogi peke yake, umefungwa. Ikikaa pia pamoja na picha yenyewe, unaweza kuhama saa yoyote. Njia ya kuiweka na picha inaitwa XMP, Adobe waliitoa 2001 na tangu 2012 ni kiwango cha ISO, kwa hivyo si mali ya programu moja tena. Kwa JPEG na DNG maandishi yanaingia ndani ya faili yenyewe. Kwa RAW za kamera inatengenezwa faili ndogo ya pembeni yenye jina sawa na picha na inaishia na .xmp. Lightroom inaweza kufanya hii yenyewe kila unapobadilisha kitu, lakini imezimwa mpaka wewe uiwashe, iko kwa mipangilio ya katalogi, sehemu ya metadata. Washa leo. Usingoje kununua kitu, hata hiyo Lightroom 6 yako iko nayo, chagua picha zote za zamani ziandikwe XMP usiku ukilala.

Ukishafanya hivo, programu yoyote unayotaka kuhamia ijaribu hivi: chukua picha kama 200 za kopi, si zile halisi, zipe nyota, maneno ya kutafutia, kapsheni, lebo za rangi, ziweke kwa koleksheni, kropu chache, editi chache. Alafu zifungue na programu ingine kabisa uone nini imevuka. Nitakuambia venye utapata: kapsheni, maneno ya kutafutia na nyota kwa kawaida zinavuka vizuri. Lebo za rangi zinavuka nusu nusu, kwa sababu programu moja inaandika jina la rangi kwa njia yake na ingine kwa njia yake. Koleksheni na albamu hazivuki. Na editi zenyewe, ule mwangaza na rangi umetengeneza, usahau, hakuna programu inasoma editi za mwenzake sawasawa, kwa hivyo kila harusi ukimaliza toa JPEG za ukubwa kamili uweke kando ya RAW, hizo zitafunguka hata wajukuu wakikuja. Na kwa sababu ya haya yote mimi huambia watu: usipange kazi yako na koleksheni peke yake, andika kitu hicho hicho kama neno la kutafutia. Na kuchagua picha chagua na nyota, usitegemee bendera, zile alama za kukubali ama kukataa picha.

Kuhusu kulipa kila mwezi. Watu wanasema ukiacha kulipa Lightroom Classic wanakufungia picha. Si kweli, picha ziko kwa hadi diski yako. Ukiacha kulipa, sehemu ya kuediti na ile ya ramani zinafungwa, lakini unaweza kuendelea kufungua katalogi, kutafuta na kutoa picha. Hiyo kwangu ni haki. Lakini uwe makini na majina, kuna Lightroom Classic na kuna Lightroom tu bila Classic, Adobe walizitenganisha Oktoba 2017, na hiyo ya pili imejengwa kuweka picha zako huko kwa klaudi. TB 4 ukizipandisha na intaneti inayotoa megabiti 10 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, ni zaidi ya siku 37. Bando sitaki hata kupiga hesabu. Chukua Classic.

Ya kukrakiwa achana nayo. Sikuhubirii, naongea tu kama mtu wa kazi: hiyo faili ya kukrakia unaipatia ruhusa yote kwa mashine yenye picha za wateja wako, na nyingi zinakuja na wageni wao ndani. Pia haiwezi kuapdeti, kwa hivyo kamera ingine mpya ikija uko pale pale ulipo sasa.

Ya bure kuna mbili za maana. digiKam ndiyo ya kupanga, iko kwa Windows, Mac na Linux, inabeba picha nyingi sana, inatambua sura za watu (kwa harusi hii ni dhahabu, hata huyo nyanya ungempata) na ukiiwekea iandike XMP inaandika. Darktable iko zaidi kwa kuediti RAW, na kitu napenda nayo ni kwamba faili ya XMP ya pembeni inaandika tangu mwanzo bila kuulizwa. Ubaya wake ni kuzizoea, digiKam iko na menyu mingi mpaka wiki ya kwanza utaichukia, na ukikwama huna nambari ya kupigia. Lakini hakuna mtu anaweza kuizima ukiwa katikati ya msimu wa Desemba.

Ningekuwa wewe: kama harusi zinakuja na malipo ya kila mwezi hayakuumi, Lightroom Classic na XMP imewashwa, juu katalogi yako ya Lightroom 6 itaapdetiwa iingie na editi zako zote, haupotezi kitu. Kama miezi mingine ni kavu, na najua Februari venye huwa, digiKam ya kupanga, na Lightroom 6 na DNG uendelee kuediti nazo mpaka zichoke. Zote mbili ni za kuaminika ukizitumia hivo.

Kabla ya kuingiza hizo hadi diski tano, zipe kila moja jina na herufi yake ya kudumu kwa Windows, kwa sababu leo ikiitwa E na kesho F katalogi itakuambia picha zimepotea. Ukiingiza, chagua kuziongeza zikiwa hapo hapo zilipo, usikopi tena. Na ukishaziingiza usihamishe folda kutoka nje, hamisha ukiwa ndani ya programu, ndio kitabu kijue. Mwisho nunua hadi diski mbili kubwa: kopi tatu za kila kitu, kwa vifaa viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba, hata kwa ndugu yako Lanet. Hiyo kanuni ya tatu-mbili-moja ilienezwa na mpiga picha wa Marekani anaitwa Peter Krogh na sijaona mtu ameiboresha.

SWALI: Boss, mimi ni wa mpira. Nafuata mechi Bukhungu na Mamboleo nikiuzia magazeti na timu zenyewe. Nikirudi na picha 1,500 laptopu yangu ya RAM 8GB inachukua karne kuziingiza kwa Lightroom, na edita anataka picha haftaimu. Nabadilisha laptopu ama programu?
– Lenzi Ndefu, Kakamega

JIBU: Programu kwanza, laptopu baadaye. Lightroom ikiingiza inajenga picha zake za kuonyesha, moja moja, ndio unazeeka hapo. Watu wa michezo na habari duniani wengi wanatumia Photo Mechanic ya Camera Bits, na sababu ni moja: kila RAW kamera imeficha JPEG ndani yake, Photo Mechanic inakuonyesha hiyo JPEG tu bila kujenga chochote, kwa hivyo unapepeta picha haraka kama vidole vyako vinaweza. Si ya kuediti, usiitafutie hiyo. Unachagua kumi, unaweka kapsheni, unazipeleka kuediti ama unatuma JPEG za kamera moja kwa moja, alafu nyumbani usiku ndio unaingiza mechi yote kwa katalogi yako ya kudumu. Iko pia Photo Mechanic Plus yenye katalogi ndani, lakini kwa mtu anaanza ile ya kawaida inatosha. Haiko bure, jaribu kwanza muda wa majaribio wikendi yenye mechi.

Kitu kingine iko nayo ambacho kitakulipa haraka ni zile kodi fupi. Kabla ya mechi unaandika orodha, mstari kwa mstari: nyumbani 9 ni fulani, ugenini 4 ni fulani. Kwenye kapsheni unaandika kodi kati ya vile vistari vya kuegemea nyuma, inajigeuza jina kamili la mchezaji na timu yake. Orodha ya kikosi utaipata kwa meneja wa timu saa moja kabla, mzoee, mnunulie soda. Bila hiyo haftaimu ni dakika 15 na utaandika jina la mchezaji vibaya mbele ya nchi nzima.

Na hizo kapsheni ziandike kwa sehemu za IPTC, si kwa jina la faili. IPTC ni baraza la mashirika ya habari lililoanzishwa 1965, na sehemu zake ndizo meza za magazeti zinasoma: nani amepiga, wapi, lini, haki ni za nani. Tengeneza kiolezo chenye jina lako na nambari yako ya simu kiingie chenyewe kwa kila picha ukizishusha kutoka kwa kadi.

Sasa sikia hii, kwa sababu naona watu wakilia kila siku ati gazeti limetumia picha bila jina lao. Ukituma kwa WhatsApp kama picha, inakamuliwa na maandishi yote ya ndani yanafutwa, jina lako limeenda. Itume kama dokumenti, ama kwa imeili. Na saa ya kamera iweke sawa, saa zetu ni tatu mbele ya zile za kimataifa, ukiwa na kamera mbili zenye saa tofauti goli litaonekana limefungwa kabla ya kona kupigwa.

SWALI: Habari yako. Niko na studio ndogo karibu na Kibuye hapa Kisumu, niko na vijana wawili wa kuediti, kila mmoja na mashine yake. Nimenunua kisanduku cha hadi diski cha netiwaki ndio wote wafanye kazi kwa katalogi moja, lakini Lightroom inakataa kufungua katalogi ikiwa huko. Kijana mmoja anasema tuiweke Dropbox. Na stima huku ikipotea inapotea bila kuaga. Nifanyeje?
– Mama Studio, Kisumu

JIBU: Amosi Mama. Lightroom Classic imekataliwa makusudi kufungua katalogi kupitia netiwaki, si kosa la kisanduku chako. Picha zinaweza kukaa kwa kisanduku, sawa kabisa, lakini ile faili ya katalogi lazima ikae ndani ya mashine ama kwa hadi diski imechomekwa hapo. Ilijengwa kwa mtu mmoja. Na Dropbox mwambie kijana hapana: wakifungua wote wawili pamoja, mmoja ataandika juu ya kazi ya mwenzake, ama utapata faili mbili zinazopingana na hakuna mtu anajua ya ukweli ni gani.

Njia inafanya kazi kwa studio kama yako ni kutoa kazi vipande vipande. Mashine moja, yako, ndiyo iko na katalogi kuu. Harusi ya Milimani ikikuja unaitoa kama katalogi ndogo, kijana anaenda nayo kwa mashine yake, akimaliza unairudisha kwa ile kuu na kila kitu kinaingia, editi, nyota, maneno. Capture One, programu ingine ya kuediti, wako na mtindo mwingine mzuri kwa hii, unaitwa sesheni, kila kazi ni folda yake yenye picha, editi na matokeo pamoja, folda ikihama kila kitu kimehama. Kwa studio inafanya kazi kwa kazi hivo mimi sesheni naipenda kuliko katalogi kubwa, isipokuwa kutafuta picha ya miaka mitatu iliyopita ndio shida, hapo unahitaji kitu cha kukusanya zote. digiKam inaweza kuweka databesi yake kwa seva ya MariaDB (programu ya databesi) na mashine zote zikaifikia, lakini hata hiyo msiifungue wawili kwa wakati mmoja.

Stima: hiyo ndiyo adui wa katalogi kuliko virusi. Databesi ikikatwa katikati ya kuandika inaweza kuharibika, na kisanduku cha netiwaki vilevile. Laptopu iko na betri yake, lakini kompyuta za meza na kisanduku vyote viwekewe UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea, hata ya dakika kumi, si ya kuendelea kufanya kazi, ni ya kuzima polepole. Na hicho kisanduku hata kiwe na diski mbili zinazonakiliana, hiyo si bakapu. Kijana akifuta folda, imefutwa kwa zote mbili hapo hapo. Bakapu ni diski imechomolewa, iko kwa kabati, na kila baada ya muda unarudisha kazi moja kutoka kwayo uone inafunguka.

SWALI: Mimi nina folda tu na Google Photos kwa simu. Kwani ni lazima hizi programu?
– Kijana wa Bungoma

JIBU: Si lazima ukianza. Folda zianze na mwaka, mwezi, siku, alafu jina, mfano 2025-08-16 Harusi Webuye, zitajipanga zenyewe kwa kompyuta yoyote. Google Photos inatafuta vizuri sana, lakini nafasi ya bure ni GB 15 na tangu 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa, harusi moja ya RAW inaimaliza. Siku ukianza kukosa picha unayojua uko nayo, rudi usome jibu la Wa Harusi.

SWALI: Napiga picha za mashule, siku za michezo na kuhitimu. Mzazi mmoja ameniambia nifute picha zote za mtoto wake, na sijui hata niko nazo ngapi. Katalogi inaweza kunisaidia ama nijifanye sijaona meseji?
– Kamera ya Shule, Busia

JIBU: Usijifanye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu kama data yake, na kwa mtoto idhini inatoka kwa mzazi ama mlezi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hiyo ni pesa ya kamera ngapi.

Katalogi itakusaidia sana hapa. Kwa kila shule andika maneno ya kutafutia: jina la shule, darasa, na neno moja la hali ya idhini, kwa mfano idhini-ndiyo, idhini-hapana, idhini-bado. Tengeneza koleksheni inayojijaza yenyewe ya zote za hapana, na kabla ya kutuma chochote unaiangalia. Kutambua sura kutakusanyia picha za huyo mtoto, pitia na macho yako pia kwa sababu watoto wenye yunifomu inawachanganya. Kama unatumia Lightroom, angalia: ukiondoa picha inakuuliza kama unataka kuitoa kwa katalogi tu ama kuifuta kwa diski, ukichagua ya kwanza faili bado iko. Na bakapu nazo zikumbuke, utoe huko pia, alafu umwandikie mzazi umefanya nini na tarehe gani. Lakini majina kamili ya watoto usiyaandike ndani ya picha unazotuma nje. Yakae kwako.

SWALI: Hujambo. Naongoza watalii Ziwa Nakuru na siku hizi nauza picha zangu kwa mawakala wa nje. Nimekuwa nikiweka GPS kwa kila picha ndio nikumbuke ni wapi, katalogi inanionyesha ramani safi kabisa. Rafiki ameniambia nitoe. Kwa nini, na nitapoteza ramani?
– Dereva wa Mbuga, Nakuru

JIBU: Kwa sababu ya vifaru. Mbuga yako iko nao weusi na weupe, na picha yenye GPS inaambia mtu yeyote ameipakua kwamba huyu mnyama alikuwa hapa, saa fulani, tarehe fulani. Mwindaji haramu hahitaji kulipa kiongozi.

Ramani haupotezi. GPS ibaki kwa RAW na kwa katalogi yako, unaitoa tu kwa zile kopi unatuma nje. Lightroom wakati wa kutoa picha iko na kisanduku cha kuondoa mahali, digiKam pia inaweza kufuta GPS, fanya hivyo kwa kopi, si kwa picha mama. Mahali uandike kwa maneno, Lake Nakuru National Park, inatosha kwa wakala. Maneno ya kutafutia ya mawakala yawe ya Kiingereza na jina la kisayansi la ndege kama unalijua, hayo ndiyo wanunuzi wanaandika, yako ya Kiswahili yaongeze tu kwa sababu hayakuli nafasi. Na zile picha zako za zamani za ufuo na geti kuu kabla maji hayajapanda, usizifute ati hazina heroe ndani, zipe tarehe na neno lao la kutafutia, watu wanaofuatilia kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa wanahitaji hasa za aina hiyo.

Ukishaweka mipangilio, toa picha moja ya kifaru, ijitumie kwa imeili, ifungue kwa kompyuta ingine uangalie maelezo yake. Latitudo na longitudo zikionekana hapo, bado haujamaliza.